Mkutano wa Watu Themanini na Watatu

Wewe uliona. Usiniambie hukuona. Karatasi ilikaa siku nne kwenye mlango wa ukumbi wa Kaloleni, herufi kubwa za wino mzito: MKUTANO WA UKOO WA NAKHUMICHA, JUMAPILI SAA NANE. Uliipita ukienda kuteka maji, ukaipita ukitoka kanisani. Siku ya tano askari wawili wa chifu walipoibandua na kuikunja mara nne, ulikuwa umesimama hapo hapo. Ukainama kufunga kamba ya kiatu. Ulikuwa umevaa slipa.

Basi nakwambia yaliyofuata, kwa sababu yalifuata wewe ukiwa bado umeinama.

Ilikuwa Agosti ya mwaka jana, tisini na tano. Nyanya yangu Nakhumicha, ambaye sote tunamwita Kukhu, alitaka jambo moja. Alifika Kaloleni mwaka wa arobaini na nane kumfuata mumewe Patrobas, fundi wa reli, na tangu siku hiyo hakuwa amewahi kuwaona watu wake wote mahali pamoja. Usidhani hilo ni jambo dogo. Nyumba za kansoli, baraza la mji, zilipimwa zimtoshe mfanyakazi, ukoo hakuna aliyeufikiria. Watoto wawili wakilala, wa tatu anapelekwa kwa shangazi Bungoma. Kukhu alizaa tisa. Hata tulipomzika Babu Patrobas, wanawe wawili walibaki kiwandani Industrial Area, maana msimamizi aliwaambia atakayetoka asirudi. Kwa hiyo Kukhu aliposema, "Nataka kuwaona wote, mchana, wakiwa wazima, wamekaa wanakula," hakuna aliyecheka.

Mahali alichagua mwenyewe. Mbuga ya wanyama.

"Miaka hii yote naambiwa kuna simba hapo nyuma ya viwanda," alisema. "Mzungu anapanda ndege siku nzima kuja kuwaona. Mimi ndiye jirani yao na hatujasalimiana."

Mimi, Bwire, mjukuu wake, nikapewa daftari la mipango. Majina yalikuwa themanini na matatu, vizazi vinne, kuanzia Kukhu hadi kitukuu wa miezi miwili. Kazi ya chakula tuligawana mchana mmoja. Magari yalipatikana kwa Magan wa Eastleigh, mwenye mabasi mawili na moyo mpana. Kilichotutoa jasho ni wakwe.

Kwetu mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, hali mbele yake, wala hapandi gari alilopanda. Akimwona anakuja njiani, anaingia shambani hadi apite. Ni heshima, na tunaishika. Sasa fikiria mbuga, ambako hushuki garini ovyo, mpaka ufike kwenye uwanja uliotengwa wa kulia chakula. Huko shamba la kujificha ni la simba. Kukhu ana wakwe sita, wote wanaume wakubwa wenye matumbo. Nikakaa wiki nzima nikiandika nani apande gari gani, lipi litangulie langoni, na nani ageuke upande gani. Nilidhani nikimaliza hapo nimemaliza kazi.

Halafu karatasi ikabanduliwa. Kesho yake Magan akaja, akakataa hata chai.

"Bwire, ndugu yangu, gari natoa. Lakini nimeambiwa mabasi mawili yakitoka Kaloleni yamejaa watu bila karatasi ya muhuri, yatalala polisi. Mimi nina jina la Kisomali, wewe wajua. Likilala la mwingine siku moja, langu litalala mwezi. Niletee muhuri."

Hivyo ndivyo ilivyo katika nchi hii, kama umezoea hata huoni tena: watu kukutana ni kitu cha kuombewa leseni. Na sisi tulikuwa tumeandika neno lenyewe, kwa wino mzito, mlangoni. Mkutano.

Baba yangu Kweyu, mume wa Ayuma, binti mkubwa wa Kukhu, akaja kutoka Donholm kutoa shauri. Yeye ni karani, anaogopa kila kitu kilichopigwa chapa. Kwa kuwa ni mkwe, alisimama nje ya dirisha akiutazama ukuta wa jirani. Kukhu alikuwa ndani anachambua majani ya mrenda. Mimi nikakaa mlangoni, kama redio.

"Mwambie mama," baba alisema, "aandike maombi badala ya mkutano. Maombi hayaombewi leseni. Tutaomba dakika tano, Mungu ataelewa."

Kukhu alisikia kila neno, lakini ilibidi nimwambie. Nikamwambia.

"Muulize mkwe wangu, hapo nitakuwa namdanganya chifu au Mungu?"

Nikamuuliza.

"Basi aandike sherehe."

"Sherehe ya nani? Nani ameoa?"

"Mwambie ni neno moja tu, mama. Neno moja na mabasi yanatoka."

Kukhu akaacha kuchambua. Safari hii hakunitumia mimi. Alisema kwa sauti ya kutosha kupita dirishani.

"Mwaka wa hamsini na nne askari wa mkoloni walizunguka estate hii kabla ya jua. Gari la kipaza sauti likapita. Lilisema nini? Lilisema, njooni uwanjani, kuna mkutano. Tukaenda, si ni mkutano? Tulipofika wakaanza kuchambua watu kama mimi na mboga hii. Huyu huku, huyu kule, kwa kabila. Jirani yangu Mbugua akapandishwa lori moja, mkewe lori lingine. Mtoto wao wa miaka minne alikuwa ameshika gauni langu. Askari akauliza ni wa nani, nikasema wangu. Mbugua hakurudi. Neno hilo walilichukua siku hiyo wakalifanya mtego, na watoto wangu wanaliogopa hadi leo. Nalitaka. Mwambie mkwe wangu silibadilishi."

Mtoto yule ni Dedan. Ana karakana ya kuchomelea vyuma, ana watoto wanne, na kwenye daftari langu ni namba sita, baada ya Kukhu mwenyewe, mama yangu na wenzake watatu waliomtangulia kuzaliwa.

Baba aliondoka akiambaa ukuta.

Jumatatu asubuhi nikaenda na Kukhu ofisini kwa naibu wa chifu. Simtaji jina, mwenyewe anajijua. Askari mlangoni aliniona na daftari, akaninyang'anya, akamwekea mkuu wake mezani. Naibu akavaa miwani. Alisoma polepole, kwa sauti, kama mtu aliyeokota bunduki.

"'Kweyu, gari la pili. Asionane na N. hata kidogo.' N. ni nani?"

"Mama mkwe wake."

"'Langoni gari la kwanza litangulie. La pili lingoje mpaka N. ageuziwe upande wa pili.' Ageuziwe." Aliniangalia juu ya miwani. "Na hii je? 'Wakati wa chakula wanaume sita watajificha nyuma ya gari.' Mnajificha mkifanya nini?"

"Wakitafuna, mheshimiwa."

Karani wake, mama mmoja wa huko kwetu, akainamia taipureta na mabega yakaanza kumtikisika. Naibu hakuwa wa kwetu. Akamwangalia, akaniangalia, akajua amechekwa ila hakujua wapi. Mtu wa namna hiyo ndiye hatari. Akafungua ukurasa wa majina, akapitisha kidole, kikasimama.

"Dedan Mbugua. Huyu naye ni ukoo wenu tangu lini?"

"Tangu alfajiri," Kukhu alisema.

"Alfajiri gani?"

"Muulize baba yako. Kama hakuwa amelala, ataikumbuka."

Naibu akavua miwani. Alisema yeye si mtu mbaya, tena anawaheshimu wazee. Tufute jina hilo moja, tufute na neno mkutano, tuandike matembezi, na muhuri tunao leo hii.

"Sifuti," Kukhu alisema. "Kama umenikataza kula na watoto wangu, ni sawa, nikataze. Lakini andika. Jina langu, siku, na sahihi yako. Nitaondoka nayo."

Kuandika hakutaka. Ndivyo walivyo: kukukataza wako tayari, ushahidi ndio hawautaki. Akasema tungoje. Kukhu akavuta kiti mbele ya meza, akafunga kitambaa upya, akakaa.

Saa nne mama yangu Ayuma akaja kutazama kwa nini hatujarudi, akabaki. Akaja Dedan na ovaroli yake imejaa alama za cheche za jana. Binti yake Lorraine akafunga kibanda chake cha mitumba Gikomba, akaja na wenzake watatu. Wakatoka Makongeni, wakatoka Jericho, shemeji na wifi na watoto migongoni. Hakuna aliyewaita. Kila mmoja alikuja kumtafuta aliyetangulia. Saa sita ua wa ofisi ulikuwa umejaa, na waliokuja kutafuta vitambulisho vyao wakakaa katikati yetu wakiuliza kuna nini.

Askari akatoka. "Nyinyi tawanyikeni. Hamna leseni."

"Leseni ndiyo tunangoja, afande," Lorraine alisema. "Huko Athi nyumbu wanakutana maelfu, na sijasikia mmoja amepanga foleni kwa chifu."

Watu wakacheka. Askari naye alikaribia kucheka, akakumbuka kofia.

Ndipo nikamwona baba yangu. Amevaa tai yake ya kazini, anapita katikati ya watu kwa hatua fupi fupi. Alifika kwenye mlango wa ofisi. Ndani alikuwemo mama mkwe wake, futi saba kutoka kizingiti. Asingeweza kuingia wala kutazama ndani. Akageuka, akaupa mlango mgongo, na bila kukusudia akawa amesimama juu ya ngazi, watu wote wako mbele yake.

"Bwana naibu, nisamehe kwa mgongo," alisema. "Mama mkwe wangu yumo humo, na sisi hatutazamani."

"Sema kwa sauti," mtu wa nyuma alidai.

Akapandisha sauti. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti ile maishani mwangu.

"Naitwa Kweyu. Mimi ni karani. Kwa miaka ishirini na tisa nimekuwa mtu wa kujificha. Mwanzo nilijificha kwa heshima ya mama huyu. Baadaye nikajificha kwa kuwaogopa nyinyi wenye meza, na hiyo pia nikaiita heshima. Leo nimezitenganisha. Yeye nitaendelea kumpa mgongo wangu mpaka nife. Wewe nakupa kwa sababu sina njia nyingine ya kusimama hapa. Mama anataka kukaa na watoto wake mchana. Kama ni kosa, andika. Tutakuja kulisoma hapa, kwa sauti, kila siku."

"Unahutubia mkutano mlangoni pangu?" naibu alifoka kutoka ndani.

"Mimi naongea na wewe," baba alisema. "Hawa wananisikia tu."

"Andika," mtu mmoja akasema uani, bila kelele. Mwingine akarudia. Likaenda hivyo, mdomo kwa mdomo, hadi barabarani ambako wauza sukuma wiki walikuwa wameacha meza zao. Hakuna aliyerusha jiwe. Hakuna aliyepiga mayowe. Lilikuwa neno lile lile kwa sauti ya kawaida, na mle ndani nilimwona naibu akihesabu vichwa kupitia dirishani. Alikuwa amekataza mkutano mbugani, sasa anao mlangoni, mkubwa kuliko ule, na umempa mgongo.

"Piga barua," alimwambia karani wake. "Matembezi ya familia..."

Karani alikwisha kuipiga. Akaivuta kutoka kwenye taipureta, akaiweka mezani. Kukhu akaniambia nisome. Mkutano wa ukoo wa Nakhumicha, watu themanini na watatu, majina yameambatishwa. Namba sita ilikuwa mahali pake. Naibu alitia muhuri kwa nguvu hadi kikombe kikatikisika.

Jumapili mabasi mawili yaliingia langoni, la kwanza likatangulia, la pili likangoja, na walinzi wa mbuga wakatusaidia kuelekeza bila hata kuuliza, maana mmoja alikuwa mkwe wa mtu. Tuliona twiga shingo zao zimepanda juu ya majumba ya mjini. Tuliona pundamilia na vumbi jingi. Kwenye uwanja wa kulia, wakwe sita walijipanga nyuma ya basi la pili, tukawa tunasikia vicheko vyao. Mbele, Kukhu alikaa kwenye mkeka, Dedan upande wake wa kulia, kitukuu mapajani, na watu wake wengine wote wamemzunguka, wanakula. Alikuwa akimtazama mmoja, halafu mwingine, hakuruka mtu.

Mlinzi akaja kumsalimia. "Mama, mmemwona simba?"

"Simba sijamwona," alisema. "Nimeona themanini na watatu."

Kisha akachukua firigisi ya kuku mkubwa kuliko wote, ile ambayo kwetu hapewi mtu yeyote tu, akaifunika kwa sahani, akanipa.

"Mpelekee mkwe wangu huko nyuma. Mwambie amehutubia vizuri."

Nilizunguka basi nikampa baba. Aliikata vipande sita, akagawa.

Sasa nakugeukia wewe. Sheria ile bado iko, na naibu yule bado ana muhuri. Usiniambie utafikiria. Una mama, au nyanya, au mzee anayekaa peke yake huko Jericho akingoja watu wake. Inuka uende ukamuulize anataka kukaa na nani, wapi, na siku gani, mchana kweupe. Andika majina yote, na usimwache yule wanayesema si wenu. Usimwombe mtu yeyote akuchagulie neno dogo zaidi. Jua bado liko juu. Nenda sasa.