Gari Linalomwashia Kaka Taa

Gari lilipomzimikia kaka katikati ya makutano, mama yake alikuwa ameketi ubavuni pake, mkoba mapajani. Dashibodi iliwaka yote: breki, gia, usukani, mifuko ya hewa, taa nyekundu na za njano zikipokezana, na kengele ndogo ikilia ti-ti-ti bila kupumua. Lori la nyuma lilipiga honi mpaka vioo vikatetemeka. Kaka akaliwasha tena, likakubali, likaenda kwa kujikokota. Mama aliposhuka mlangoni kwake hakuaga. Alisema tu kwamba humo hapandi tena, hata kwa kubebwa.

Ndivyo gari lile la michezo, jekundu, la milango miwili, lilivyofika gereji kwa dada yake mdogo, ambaye ni fundi umeme wa magari.

Kaka alikuwa na bucha yake, pande la mtu, mrefu wa kuinama kwenye kila mlango. Gari la namna ile alilitamani tangu utotoni, na alipolipata, ingawa kuukuu, alilidekeza kama kitinda mimba.

"Umegusa nini humu ndani?" dada alimwuliza siku alipolileta.

"Mimi? Hata bawaba sijaigusa."

Dada akachomeka mashine ya kupimia. Hitilafu zikamiminika mpaka akachoka kuzisoma, na zote zilikuwa wimbo mmoja: breki zinasema haziisikii injini, injini inasema haiisikii gia, gia inasema hakuna anayeijibu. Kila kifaa kilimsingizia mwenzake. Akabadilisha betri. Akapima alternata inayochaji betri, akachomoa fyuzi moja moja akaziangalia kwenye mwanga, akakwangua kutu pale waya zinapofungwa kwenye bodi. Akafuta hitilafu zote, akaliendesha mwenyewe kwenye matuta, kwenye kona kali, akakanyaga breki ghafla. Gari likatulia kama maji mtungini.

Akalikabidhi. Kabla jua halijazama simu ikalia.

"Limeanza tena," kaka akasema, kama vile yeye dada ndiye aliyeanza.

Likarudi. Dada akalala kifudifudi chini ya usukani, miguu nje, shingo imepinda, akifuata waya kwa vidole. Akatoa redio. Akafungua soketi za milangoni. Asione kitu. Akiliendesha yeye, kimya. Akilishika kaka, ti-ti-ti. Likaenda likarudi, likaenda likarudi, hata majirani wa gereji wakaanza kumwuliza kama amelinunua.

Kilichomchosha zaidi kilikuwa ushauri. Kaka alikuja kila mara na maoni mapya kutoka buchani.

"Mteja wangu mmoja anasema ni kompyuta."

"Mteja wako anafanya kazi gani?"

"Anauza viatu. Lakini ana akili."

Mwishowe kaka akasimama mlangoni, akakohoa, akaangalia pembeni. "Mdogo wangu, usinielewe vibaya. Labda tuwapelekee wale wa gereji kubwa."

Dada akauma meno. Huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, akikaa pembeni yake na mkono kwenye breki ya mkono, akicheka kila gari lilipozimika. Kumsikia yeye akisema vile kulimchoma kuliko angesema mtu mwingine yeyote.

"Wapelekee," akasema. "Ila kwanza ingia uendeshe. Mimi nakaa pembeni."

Kaka akaingia kwa hasira, akabamiza mlango, akaondoka bila hata kujiweka sawa, magoti yakigusa usukani. Dada akawa na mashine mapajani. Wakazunguka mitaa. Hakuna taa hata moja.

"Unaona?" kaka akafoka. "Sasa linanifanya mwongo!"

Kwenye foleni magoti yakamshinda. Akabonyeza kitufe, kiti kikateleza nyuma mpaka mwisho. Ti-ti-ti.

"Usiguse kitu!" dada akapiga kelele.

"Sijagusa!"

"Umerudisha kiti. Kisogeze mbele."

"Kiti na gia wapi na wapi?"

"Kaka, kisogeze mbele!"

Akakisogeza. Kwenye mashine vifaa vikaanza kuitikiana, kimoja baada ya kingine. Akakirudisha nyuma, vyote vikanyamaza. Dada, kwa ufupi wake, alikuwa akikivuta kiti mbele kila alipoliendesha. Asingeliona lile hata angelala chini ya usukani mwaka mzima.

Waliporudi gereji, dada akafungua nati na kukiinua kiti. Fungu la waya halikuwa kwenye kishikizo chake. Lilikuwa limetupwa juu ya reli, na kiti kilipofika mwisho kililibana. Waya mbili, zile ambazo vifaa vyote huzitumia kuzungumza, zilikuwa zimechubuka mpaka shaba inagusa chuma. Akakiangalia kiti kwa makini.

"Ngozi hii ni mpya."

"Nilimpa fundi wa viti," kaka akasema, uso ukichangamka. "Alikitoa, akakirudisha. Kazi safi, siyo?"

 Dada akaweka spana chini taratibu, kwa sababu mkono ulikuwa unataka kuirusha.

"Nilikuuliza umegusa nini."

"Uliniuliza mimi. Aliyegusa ni fundi wa viti."

Hapo yakamtoka yote: shingo inayouma, betri nzima aliyoitupa, wateja aliowarudisha, muuza viatu na akili zake, gereji kubwa. Kaka alisimama akisikiliza. Dada alipomaliza, kaka akasema kwa sauti ndogo, "Sikujua kiti kina waya. Na lile la gereji kubwa, lifute."

"Silifuti leo."

Akalehemu waya, akazifunga utepe, akazirudisha kwenye kishikizo chake. Kaka akammulikia tochi bila kuambiwa. Wakakipeleka kiti nyuma na mbele, nyuma na mbele. Dashibodi ikabaki nyeusi.

Kaka akajitolea kumpeleka nyumbani. Dada akakataa, akafunga gereji, akaenda kwa miguu, akijikanda shingo njia nzima na kuendelea kugombana na kaka yake kimoyomoyo.