Papa wa Muhidini

Mwamvua alikuwa ndani akipeta mchele aliposikia mumewe, Muhidini, akiwasimulia wanaume barazani jinsi alivyozamia baharini.

"Nikafunga miwani, nikauma mrija, huyoo, chini! Mara papa huyu hapa, mrefu kama behewa la treni!"

Wanaume wakaguna. Hapo Shinyanga wengi wao hawakuwahi kuiona bahari. Jilala, mkulima wa pamba aliyetoka Kishapu kununua kaniki dukani kwao, aliiacha kaniki yenyewe akasogea karibu.

Mwamvua aliuweka ungo chini. Muhidini hakuzamia popote! Miezi mitatu nyuma walipanda treni hadi Dar es Salaam, wakaenda Kunduchi kwenye arusi ya ndugu zake Mwamvua. Huko Akida, mtoto wa mjomba wake, muokota kombe za pwani, aliwapeleka kwa ngalawa mpaka penye mwamba, asubuhi maji yametulia. Miwani aliichonga mwenyewe kwa mbao, akatia vioo viwili, akaziba kwa lami. Mrija wake ulikuwa bua la jani la mpapai. Alimpa kwanza Muhidini. Muhidini alikuwa ameng'ang'ania ubavu wa chombo, anatapika.

"Basi nipe mimi," Mwamvua alisema.

Mara ya kwanza alimeza maji ya chumvi, akaibuka akikohoa na kumwita mama yake. Mara ya pili alikishika chombo kwa mkono mmoja, akalaza uso majini, akapumua taratibu. Na chini yake kukafunguka. Matumbawe yalikuwa yamechanua, mengine kama pembe za swala, mengine kama uyoga wa masika, ya zambarau na ya manjano. Samaki wa buluu walipita kundi zima, wakageuka kwa pamoja kama ng'ombe waliosikia mluzi wa mchungaji. Alilia ndani ya miwani, asijue analilia nini.

Walipokuwa njiani kurudi, Muhidini alimwambia, "Mke wa mtu, kulowa kanga mbele ya wanaume! Watu wa Shinyanga wasilisikie hili."

Mwamvua akanyamaza miezi mitatu, kwa kumstahi. Kumbe alikuwa anamtunzia mwenzake hadithi!

Alijitanda kanga, akatoka barazani.

"Shikamoo, mayu," Jilala alimwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba." Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Zamoyoni, kule chini ulisikia nini?"

Muhidini alikodoa macho. "Nisikie nini? Kimya. Kimya cha kaburini."

"Hukufika. Kule chini kunalia: ta-ta-ta, kama mahindi yanayokaangwa chunguni, pande zote, bila kukoma. Kila aliyetia kichwa majini pale anajua. Nilitia mimi. Wewe ulikuwa unatapika."

Mzee mmoja akasafisha koo, akaaga. Wengine wakafuata. Jilala peke yake alibaki.

"Na papa, mayu?"

"Hapakuwa na papa! Palikuwa pazuri tu. Kwani uzuri hautoshi mpaka pawe na wa kuogopwa?"

Wageni walipokwisha kuondoka, Muhidini alifoka, "Umenivua nguo mbele za watu!"

"Ulivaa yangu," Mwamvua alijibu. "Ningekuwa mimi niliyetapika, ungesema mimi ndiye niliyezamia? Ungesema mke wangu alitapika, mji mzima ucheke."

Kwa siku nne walisemezana kwa kupitia watoto.

Siku ya tano Jilala alirudi kutoka Kishapu, safari hii na mkewe, Mageni, miguu imejaa vumbi. "Amekataa kusikia kutoka kwangu," Jilala alisema. "Anataka kinywa kilichofika."

Mwamvua aliwakaribisha hapo hapo barazani, si uani. Akaanza na yale maji ya chumvi aliyoyameza. Muhidini alikuwa mlangoni, anapanga vitambaa vilivyokwisha kupangwa. Mwamvua hakumtazama. Hasira ilikuwa haijamtoka, wala hakuona sababu ya kuiharakisha itoke.