Waya Uliingia Nyumba Moja

Nianze na kitambaa, maana hata Lavender alianzia hapo.

Baba yangu, Mzee Walubengo, alikuwa soja, mlinzi wa geti, mtaa wa Olympic hapa Nairobi, kabla hajastaafu na kurudi kwetu Kimilili. Ili usingizi usimshinde kazini, alijifunza kufuma vitambaa vya kufunika makochi, kwa ile sindano yenye ndoano. Masoja wenzake walimcheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kumletea oda za wake zao. Nilipoolewa alinipa seti nzima: vya makochi, cha meza, cha runinga, na kimoja kidogo kilichobaki. Hicho alisema nitajua mwenyewe cha kukifunika.

Kwa hiyo siku kisanduku cha Wi-Fi kilipoingia nyumbani kwetu Kabiro, nilijua. Kilikuwa cheusi, kina vijitaa vya kijani na pembe mbili juu. Osewe, kijana aliyetuvutia waya kutoka kwenye nguzo, alikichomeka, akaona taa zimewaka, akaanza kukusanya koleo zake. Nikamwuliza sasa mimi nifanye nini.

"Hapo sasa ni wewe, madam. Fuata tu hiyo karatasi," akasema. "Ukikwama kabisa, kuna katundu hapa nyuma. Chukua pini, dunga, shikilia mpaka taa zizime. Itarudi vile ilitoka duka. Password iko hapa chini kwa stika."

Akaenda zake. Nilisoma mpaka kidato cha pili na Kiingereza hakinitishi, lakini cha karatasi ile kilikuwa cha watu wanaojuana wenyewe. Niliambiwa niandike namba zenye nukta katikati, sijui wapi. Mume wangu Vincent, fundi wa plasta, aliigeuza ile karatasi juu chini akasema yeye kazi yake ni ukuta. Basi nikamwita Lavender.

Lavender alikuwa jirani yangu wa ukuta. Nasema ukuta, lakini ni mabati yaliyobandikwa katoni, ukipiga chafya huku unaombewa heri kule. Aliwahi kufanya kazi kwenye saiba, duka la intaneti, pale Makina, kwa hiyo mambo ya kompyuta yalikuwa yake. Mimi nikisafiri namwachia ufunguo, yeye akienda sokoni ananiachia wake. Mimba yangu ilipokuwa nzito, ni yeye aliyenichotea maji. Sikuwa nimemwita fundi siku hiyo, nilimwita dada.

Nilimpa simu yangu, nikampa na kisanduku. "Weka password yenye wewe hutasahau," nikamwambia. Kwenye ploti yetu, ua mmoja wa vyumba vya kupanga, ndivyo tunavyofanya na ufunguo. Unamwachia mtu, na unamwachia yule anayekumbuka.

Alibonyeza simu yangu, akabonyeza na yake, akabonyeza yake tena kwa muda mrefu. "Sasa uko sawa, Neki," akasema. "Na usiizime, hata usiku. Ukiizimazima inaharibika." Sikuizima hata mara moja, na stima ilikuwa ya tokeni nilizonunua mimi.

Tuliweka mtandao kwa sababu ya baba. Moyo wake ulikuwa umedhoofika, na mimi daktari alikuwa amenikataza safari ndefu. Kila jioni mdogo wangu Phanuel alimkalisha barazani, akamshikia simu, baba akaniangalia. Alitaka kuona tumbo. Siku za mwanzo uso wake ulikuja safi, hata pengo la jino niliona. Baadaye ukaanza kukwama. Alibaki kinywa wazi, sauti ikifuata nyuma vipande vipande.

"Nekoye, uko?" aliuliza.

"Niko, baba."

"Nekoye, uko?"

Nikamwambia Lavender. Alikuja, akasimama mbele ya kisanduku, mikono kiunoni. "Ni hii kitambaa," akasema. "Inazuia network. Toa." Nikakitoa kitambaa cha baba, nikakikunja, nikakitia kwenye droo. Jioni hiyo mazungumzo yakatulia, nikamwona Lavender ni bingwa.

Yalipokwama tena alisema kisanduku kiko chini sana, kipandishwe juu ya kabati. Kisha akasema kabati liko karibu na runinga, zinagombana. Mahali pazuri, akasema, ni pale ukutani, ule ukuta wa kati yetu. Vincent alipigilia kirafu cha ubao mwenyewe, Lavender akielekeza kwa kidole. "Hapo hapo. Usisogeze." Nikampikia chapati za kumshukuru. Alikula, akabeba na nyingine.

Baba alifariki wiki ile ile niliyojifungua kwa upasuaji. Mjukuu wake, baba alimwona mara moja tu, kwenye picha iliyoganda, na hata hapo alimwona nusu uso. Nilikuwa nimeinua simu juu, chini, kando, namwambia baba ngoja, ngoja kidogo. Alisema amechoka, ataangalia kesho.

Wanawake wa ploti walikuja kunipa pole. Wakaomba, wakachanga, wakaosha nguo za mtoto. Lavender alipikia wageni na akalia kuliko mimi. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa Mzee Walubengo, na kwetu nyumbani mtoto wa kwanza ndiye anayemuaga mzazi kwa maneno kabla jeneza halijashuka. Daktari alisema basi la kwenda Kimilili litaufungua mshono wangu. Nililia siku nzima.

Phanuel ndiye aliyepata njia. Mpiga picha angerusha mazishi moja kwa moja, na zamu yangu ikifika wangenivuta ndani, sauti yangu itoke kwenye spika kubwa mbele ya watu wote, nimuage baba nikiwa kitandani kwangu. "Wewe tafuta network tu," akasema.

"Sisi tuna Wi-Fi," nikamjibu, na nilijisikia nimefika.

Link aliyonitumia niliiweka pia kwenye grupu la ploti, ili aliyetaka kutazama atazame. Vincent akasafiri kuniwakilisha. Maneno yangu niliyapanga kichwani kwa siku kadhaa, nikiyasema polepole mtoto akinyonya. Yalikuwa machache. Nilitaka kumwambia kuhusu geti, na kwamba nilijua ni kwa nini mikono yake haikukaa bure.

Siku yenyewe nilivaa gauni jeusi na kitambaa cha kichwa, nikaketi wima kitandani chini ya kirafu, mtoto amelala. Picha ikaja. Niliona hema, nikaona kwaya ya kanisa letu, nikamwona mama akiwa ameshikwa huku na huku. Kisha picha ikaganda, na kile kiduara kikaanza kuzunguka juu ya uso wa mama.

Nilifunga kila kitu kwenye simu. Nikafungua upya. Nikasimama na kuinua simu mpaka ikagusa kisanduku. Kiduara kikazunguka. Hapo ndipo nilipoisikia kwaya.

Mwanzoni nilidhani sauti imetangulia kwenye simu yangu. Nikaiweka sikioni. Kimya. Kwaya ilikuwa inatoka upande wa pili wa mabati, nyumbani kwa Lavender, na ilikuwa imefika ubeti wa mwisho. Mazishi ya baba yangu yalikuwa yanaendelea vizuri kabisa, nyuma ya kirafu changu.

"Sasa tutamwita binti wa kwanza," mwendesha shughuli akasema ukutani. "Yuko Nairobi, amejifungua juzi. Tutamsikia kwa mtandao. Nekoye?"

"Niko hapa," nikasema. Nilikuwa nasema na picha iliyoganda.

"Nekoye, unatusikia?"

Nilipiga simu ya kawaida kwa Vincent, imezimwa. Phanuel, imezimwa. Walikuwa wamezima kwa heshima, kama watu wazima wanavyofanya kanisani. Nikasikia watu wa Kimilili wakinisubiri, nikawasikia hata wakikohoa. Nilisema niko, niko, nikaligonga bati kwa ngumi, sijui nilitaka nani anisikie.

"Naona mtandao umekataa," sauti ikasema. "Hapatikani. Tuendelee, wazee, jua linaenda."

Nilimbeba mtoto, nikashika mshono kwa mkono mwingine, nikatoka. Mlango wa Lavender ulikuwa wazi. Wanawake wa ploti walikuwa wamejaa ndani, wengine kitandani, wengine juu ya ndoo, wamejifunga leso, wanalia kwa dhati. Kwenye runinga jeneza la baba lilikuwa linashuka. Niliziona hata kamba zilivyokuwa zinasugua ubao.

Mama Ryan, anayeishi karibu na mfereji, alinisogezea nafasi. "Kaa hapa, mama. Hapa haikwami," akasema. "Ungekuja tu mapema. Si sisi wote tunalipia Wi-Fi ya Lavender, ni wewe tu ulikataa kuingia."

"Wi-Fi ya nani?"

"Ya Lavender," akasema, akamgeukia Lavender, kisha akanigeukia mimi, na nikaona akianza kuelewa.

Nilitazama chumba kile. Nilikuwa nimekiingia karibu kila siku na sikuwahi kukitazama. Hakikuwa na kisanduku, wala pembe, wala taa za kijani. Runinga ilikuwa imetundikwa kwenye mabati, sawasawa na mahali ambapo mume wangu alipigilia misumari upande wa pili. Waya uliotoka kwenye nguzo uliingia nyumba moja tu katika ploti nzima, na nyumba hiyo ilikuwa yangu.

Lavender hakuinuka. "Neki, leo si siku yake," akasema. "Tutaongea."

"Sema sasa."

"Watu walikuwa wengi, ikawa inalemewa. Na mtu akilipa anataka iende." Alikuwa anafuta machozi, machozi ya baba yangu. "Kuna pahali unaweza kupunguzia kila simu. Nikapunguza yako kidogo. Wewe hukuwa na matumizi, Neki. Ilikuwa tu kuongea na mzee."

Kwenye runinga waliichukua mikono ya mama wakaijaza udongo. Nilitaka kumrukia Lavender. Nilikuwa na mtoto mkononi na mshono tumboni, na hilo ndilo lililomwokoa. Nilikumbuka kitambaa. Nikakumbuka kabati, nikakumbuka kirafu na zile chapati. Kila mara nilipompigia magoti anisaidie kumsikia baba, yeye alinisogeza hatua moja karibu na runinga yake. Na aliponifuta machozi msibani alikuwa anajua.

"Neki, nimemwona vile wamemshusha," akasema. "Wamemshusha vizuri."

Nikarudi kwangu. Nilimlaza mtoto, nikatoa pini kwenye nepi za akiba, nikakishusha kisanduku, nikakitafuta kile kitundu alichonionyesha Osewe. Nikadunga, nikashikilia. Taa zikazima zote. Nyuma ya mabati kwaya ikakatika katikati ya neno, na wanawake wakaguna.

Kisha nikaketi sakafuni na ile karatasi. Sikuwa na wa kumwita, kwa hiyo niliisoma. Niliandika namba zenye nukta nikakosea, nikaandika tena. Nikanakili yale maneno ya stika, herufi kubwa na ndogo kama zilivyo. Mtoto aliamka, nikamnyonyesha huku nabonyeza kwa kidole gumba. Ukurasa ukafunguka, mdogo tu, wa kawaida, na ndani yake hamkuwa na uchawi wowote. Pale panapoulizwa jina la mtandao niliandika Walubengo. Pale panapoulizwa password niliandika neno langu, na sikumwambia mtu, wala wewe sikuambii.

Niling'oa kirafu. Kisanduku nikakiweka mezani, katikati ya nyumba, nikafungua droo, nikakifunika na kitambaa. Network ikajaa mpaka juu. Kitambaa hakikuwa kimezuia chochote.

Jua likiwa limeinama, Vincent akawasha simu yake, akaona nilivyokuwa nimempigia, akanipigia kwa picha. Uso wake ulikuja safi, vumbi kwenye kope. Watu walikuwa wamekwenda kula. Nyuma yake palikuwa na tuta jekundu lenye maua juu.

"Pole," akasema. "Sema naye sasa. Nitakushikia." Akaigeuza simu kuelekea kwenye tuta.

Nilivuta pumzi. Nilisema, "Baba," kwa ile sauti niliyokuwa nimeiandaa kwa spika kubwa. Na hapo nikasikia jinsi upande wa pili ulivyokuwa umetulia. Hakukuwa na runinga wala sufuria. Kitanda cha Lavender kililia kidogo, kile kilio cha mtu anayesogea karibu na ukuta, kisha kikanyamaza. Lavender ni wa kwetu. Lugha niliyotaka kumuagia baba yangu anaielewa kama mimi.

"Endelea," Vincent akasema. "Unasikika vizuri sana."

Nikamwambia aiweke simu chini, udongoni kabisa, na yeye asogee kando. Nikajifunika shuka na mtoto wangu, mdomo nikauweka kwenye simu, nikanong'ona yote niliyokuwa nayo. Sikutaka Lavender apate hata neno.