Ekari Tatu na Diski Moja

Chama chetu cha wakulima wa mpunga kilivunjika Jumamosi moja ya Julai 1996, na wazee wa kamati wakagawa mali kama ndugu wanavyogawana vyombo vya marehemu. Wenzetu wa tawi la Mlimba walikuwa wamejitoa, kwa hiyo wapewe chao. Baiskeli nne: mbili huku, mbili kule. Viti vilikuwa tisa, vikaleta kelele mpaka kile cha tisa akapewa mlinzi. Ikabaki kompyuta, na kompyuta ilikuwa moja.

Mimi nilikaa pembeni naandika muhtasari. Ndimi niliyekuwa karani wa chama, Eufrasia, na mashine ile hakuna mwingine pale ofisini Ifakara aliyekuwa akiigusa. Bwana Fulgensi, katibu wa Mlimba, akasimama akasema ndani ya kompyuta mna diski mbili, na ya pili ilinunuliwa kwa michango ya Mlimba. Alisema kweli. Mwenyekiti akafurahi mno.

"Basi imekwisha," akasema. "Diski moja yenu, moja yetu. Mnataka haki gani zaidi ya hiyo?"

Nikanyoosha mkono. Nikasema kompyuta haigawanywi kama viti. Ukitoa kitu ndani lazima ujue kilifungwaje. Mwenyekiti akasema karani ameitwa kuandika, hakuitwa kuchangia. Nikaandika hivyo hivyo kwenye muhtasari, kwamba mwenyekiti amemkataza karani kuchangia, na siku ya Fulgensi kuondoka na treni nilimpa nakala yake.

Huyo mwenyekiti, mzee Hermenegildi, ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu Beno mume wangu. Beno aliniachia watoto wawili na ekari tatu za mpunga kijijini Mbingu. Nimezilima mwenyewe tangu alipofariki. Lakini Alhamisi ya wiki ile afisa ardhi alikuwa anakuja kupokea orodha ya mashamba ya wanachama, na atakayetajwa kwenye orodha ndiye atakayepewa kadi ya shamba. Orodha zilikuwa mbili. Ya kwanza iliandikwa kwa mkono mwezi wa pili, wakati wanawake tuko kwenye madungu, vile vibanda vya shambani, tunapalilia na wanaume waliobaki mjini wanatusemea. Humo shamba langu ni la Hermenegildi. Ya pili niliikusanya mimi, kwa baiskeli, shamba kwa shamba, namuuliza anayelima na namwandika anayelima, na nani anapakana naye pande zote nne. Majina mia nne na kumi na mawili. Madaftari yangu mwenyekiti aliyafungia kabatini mwake kwa usalama, na ufunguo wa kabati, kwa usalama huo huo, ukapotea. Sanduku la flopi, zile diski laini za kuwekea nakala, lilikwenda Mlimba na mgawo. Kwa hiyo orodha yangu ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye diski ya kwanza.

Jumatatu Fulgensi alikuja na bisibisi. Alifungua kava, akachomoa diski yake, akaifunga kwenye khanga, akasema, "Dada Eufrasia, usinichukie, nimetumwa." Sikumchukia. Nilimsindikiza hadi mlangoni, nikarudi kuwasha mashine.

Haikuwaka. Yaani taa iliwaka, feni ikazunguka, ikapiga mlio wake wa asubuhi, halafu kioo kikaandika kwamba diski ya pili haionekani, nibonyeze kitufe iendelee. Nikabonyeza. Ikakaa kimya muda mrefu, kisha ikaandika kwamba hata ya kwanza haioni. Nikazima, nikawasha. Yale yale.

Mwenyekiti alikuja kusimama nyuma yangu, akasoma kioo bila kukielewa.

"Imekufa?"

"Haijafa, shemeji. Imechanganyikiwa. Niruhusu niifungue."

"Usiiguse. Ukiifungua, utailipa. Fundi ataletwa kutoka Dar mwezi wa tisa." Akavaa kofia yake. "Na Alhamisi tutapeleka ile ya mkono. Ipo, imegongwa mhuri, inatosha."

Alitoka anapiga mluzi. Sijui kama alipanga hivyo tangu Jumamosi. Nadhani hakupanga, hana akili ya kompyuta kiasi hicho. Ila mluzi ule niliuelewa, na nilikasirika. Miaka mitatu nainama kwenye matope, halafu nipoteze shamba kwa sababu chombo kimegoma kuwaka.

Siku ya pili, saa sita, wakati yeye amekwenda kula, nilifungua madirisha yote na mlango nikauacha wazi. Sikutaka mtu aseme nilijificha. Bibi Sikitu alikuwa amekuja kuuliza habari za orodha, maana shamba lake kwenye ile ya mkono lilikuwa la mtoto wa dada yake anayekaa Kilosa. Nikamwambia orodha yangu ilipo, na kwamba nataka kuitoa.

"Toa," akasema, akaketi kizingitini na mkeka wake wa kusuka. "Akija mtu nitamsalimia kwa sauti."

Nilianza na lile lililoandikwa kwenye kioo. Mashine ilikuwa inatafuta diski ya pili kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba imeondoka. Kuna ukurasa wa mipangilio unaofunguka ukibonyeza kitufe fulani mapema, kabla haijamaliza kuamka. Niliwahi kuuona kwenye kozi yangu ya Morogoro, ambako mwalimu alitukataza kuugusa. Niliugusa. Humo ndani mlikuwa mmeandikwa diski mbili. Kwenye ya pili nikaweka kwamba hakuna, nikahifadhi, nikawasha upya.

Lile lalamiko la diski ya pili likaisha. Lakini ya kwanza bado. Kimya kirefu, kisha jibu lile lile.

Basi nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikafungua skrubu. Nilidhani Fulgensi amelegeza ule mkanda mpana wa nyaya unaoingia kwenye diski. Nikaukandamiza pande zote. Nikawasha. Hakuna kitu. Hapo nilikata tamaa kwa muda, nasema ukweli. Niliketi natazama lile kopo la chuma lenye jasho langu lote, na nikawaza kwamba mwenyekiti atarudi akute skrubu mezani na mimi sina cha kumwonyesha.

Bibi Sikitu akauliza bila kuinua macho, "Ilikuwaje siku ilipowekwa hiyo ya pili?"

Nikakumbuka. Siku ile fundi hakuigusa ya pili peke yake. Aliichomoa na ya kwanza pia, na mgongoni mwake, penye vijiti vidogo vidogo vya chuma, akachomeka kipande cheusi kidogo kama punje ya mchele. Nilimshikia tochi mimi mwenyewe.

Nikachomoa tena waya wa umeme, kisha diski, nikaipeleka dirishani. Kipande kilikuwa bado kipo. Na juu ya diski, kwenye lebo, palikuwa na picha tatu za vijiti vile, na Kiingereza chake kilinitosha: diski kiongozi iliyo na mwenzake, diski msaidizi, na diski iliyo peke yake. Kipande kilikaa kama kwenye picha ya ile yenye mwenzake. Kwenye picha ya diski iliyo peke yake hapakuwa na kipande kabisa.

"Ina ugonjwa gani?" akauliza Bibi Sikitu.

"Inamsubiri mwenzake. Kila ikiamka inamsubiri kwanza, haifanyi kazi nyingine."

"Mwenzake si amehamia Mlimba?"

"Haijaambiwa."

"Iambie basi. Sisi wajane tuliambiwa, tukarudi kulima."

Alinipa pini ya khanga yake. Nikakitoa kile kipande taratibu, nikakifunga kwenye karatasi, nikarudisha diski, mkanda, na waya wa umeme. Nikawasha. Mlio. Kimya kifupi. Halafu diski ikaanza kukwaruza ndani kwa ndani, na maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo, mstari baada ya mstari, mpaka ikafika pale ilipozoea kuningoja. Nilifungua faili. Majina mia nne na kumi na mawili. Nikatia karatasi kwenye printa.

Printa yetu ilikuwa na kelele ya kusikika hadi mtaa wa Lipangalala. Ilikuwa imefika jina la mia mbili hivi niliposikia Bibi Sikitu akisema kwa sauti kuu, "Habari za mchana, Mwenyekiti."

Mzee Hermenegildi aliingia, akatazama skrubu, akatazama karatasi inavyoshuka sakafuni.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, shemeji."

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alivuta kiti akakaa karibu, akasema polepole, kama mtu mwema.

"Umeiponya, hongera. Sasa sikiliza. Toa jina moja tu. Lako. Hao wengine wote wapite, sina neno nao, hata huyo bibi hapo mlangoni. Na kazi yako utabaki nayo. Shamba si utaendelea kulima? Nani amekukataza kulima?"

Nikiri kwamba shauri lile lilinishawishi. Mia nne na kumi na mmoja wapite, mimi nibaki na mshahara. Lakini lile neno la kuendelea kulima ndilo lililoniamsha, maana alilisema kama zawadi.

"Kulima nimelima bila ruhusa yako," nikamwambia. "Jina sitoi."

"Basi hesabu kwamba huna kazi."

"Sawa. Nimalizie kuchapa kwanza."

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama dirishani. Afisa ardhi alikuwa kijana mwenye sauti ndogo. Mwenyekiti alimkabidhi orodha yake yenye mhuri. Mimi nikatembea kutoka nyuma ya ukumbi nikamkabidhi yangu isiyo na mhuri. Akazilinganisha kwa muda. Akasema mhuri haulimi, atasoma mashamba yaliyotofautiana, na anayedai kila shamba ataje mipaka yake, yeye atafuatilia kwenye karatasi. Alianza na la Bibi Sikitu. Mtoto wa dada yake hakuwepo. Bibi mwenyewe alitaja majirani wote wanne bila kupumua, na wa tano aliyehama.

"Namba mia mbili themanini na saba," afisa akasema. "Mbingu, ekari tatu. Hapa naona Hermenegildi, hapa naona Eufrasia. Mzee, tuanze na wewe. Kaskazini unapakana na nani?"

"Barabara," akasema mwenyekiti. Hilo hata mpita njia analijua.

"Mashariki?"

Mwenyekiti akakohoa. Miaka minne nimekaa nyuma yake kwenye kila mkutano, na kila aliposahau jina, tarehe au idadi ya magunia, aligeuza kichwa kidogo tu, nami nilimnong'oneza, watu wakamsifu kwa kumbukumbu. Akageuza kichwa.

Mashariki ni kwa Kasmiri. Kusini kijito. Magharibi ni kwa mama Noela, tumepanda michongoma mpakani mimi na yeye. Yote yalikuwa mdomoni mwangu, na shemeji yangu alikuwa ananitazama anasubiri.

Nikanyamaza.