Mashine Isiyo na Mkono

Nitasema waziwazi tangu mwanzo: shemeji yangu Webby nilimchukia, bado namchukia, na mtu asinisihi. Wiki tatu baada ya kumzika mume wangu Katongo kule Puta, Webby alisimama uani kwangu hapa Kashikishi, ufunguo wa pikapu yetu ukining'inia kidoleni mwake, akaniambia nianze kufikiria kurudi kambini Mantapala kulima mihogo. Aliyasema hayo mbele ya binti yangu Chisomo, wa miaka minne, huku akitafuna karanga zangu.

Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa inatulisha. Mimi nilikuwa nakusanya chisense, wale samaki wadogo tunaowaanika mchangani, na Katongo akiwapeleka Kawambwa kuuzwa. Nilivuka kutoka Kongo nikikimbia bunduki, nikakaa kambini miaka miwili nikiwa na jembe la kupewa, na ninajua mgongo wa mwanamke mjane unavyokuwa pale. Gari likienda kwa Webby, mimi na Chisomo tunarudi kwenye jembe. Hakuna njia ya tatu.

Na gari lilikuwa langu. Katongo alinipa mwaka jana, akanipa kama watu wa ziwa hili wanavyopeana. Huku hakuna anayeuliza karatasi. Mtumbwi ni wa yule ambaye jina lake limeandikwa ubavuni, basi, hata kama mbao alinunua mwingine. Siku moja Katongo alichukua kopo la rangi ya buluu lililobaki kwenye mtumbwi wake, akapiga magoti mbele ya mlango wa dereva, akaandika MAMA CADETTE, ndiyo mimi, kwa herufi kubwa zilizolala upande. Ilimchukua asubuhi nzima. Majirani walimcheka, yeye akaendelea kuandika.

Ila ndugu zake wa Puta hawakuwahi kuliona jina lile, na majirani si wa ukoo. Katika kikao cha ukoo mtu wa nje hasikilizwi. Walioliona gari waliliona siku ya mazishi, wakati Webby alipokuwa analiendesha kwenye mvua, na tangu siku hiyo limevaa tope juu hadi chini. Juu ya tope akabebesha samaki wabichi, wa nani sijui, maji yao yakachuruzika milangoni yakakaukia juani. Kikao kilikuwa Jumamosi. Webby alishaanza kutangaza kwamba mlangoni hakuna jina lolote, kwamba yule mkimbizi anaota.

Mtu atauliza kwa nini sikuchukua kitambaa na ndoo. Ukoo wao una mwiko. Kitu cha marehemu hakioshwi wala kufutwa kwa mkono mpaka kikao kikae. Kuendesha gari kwa shughuli za msiba ni ruhusa, kulifuta ni kumfuta yeye mwenyewe. Na anayetangulia kuweka mkono hana neno kikaoni, anakaa nyuma na kunyamaza. Mwiko huo alinikumbusha Webby kila siku, asubuhi na jioni, kama mtu anayesoma sala. Mara moja alinikuta nimeinama karibu na mlango ule, kidole kikiwa hewani. Akatabasamu.

"Gusa, bukwe," akasema, akiniita shemeji kwa lugha yao. "Gusa tu. Mi niko naangalia."

Nilirudisha mkono. Nilitamani kumtafuna mzima mzima.

Alhamisi nikasikia watu sokoni wanazungumzia mashine mpya ya kuoshea magari kule Nchelenge, mashine inayoosha yenyewe, hakuna mtu anayeweka mkono. Nililitupa beseni langu la samaki, nikaenda moja kwa moja kwa Mwansa, dada mkubwa wa Katongo, ambaye ndiye anayeshika mambo ya ukoo. Mwansa ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Amefanya biashara na watu wa Kongo maisha yake yote, kwa hiyo mimi na yeye tunazungumza Kiswahili. Hanipendi sana, lakini mambo ya mwiko hayapindishi, si kwangu wala kwa ndugu yake. Nikamweleza. Akaendelea kuchambua maharage.

"Mwiko inasema mukono," akasema. "Kama hakuna mukono, mi sina neno."

Webby alipoambiwa, uso wake ulibadilika. Alisema mashine itaharibu gari, akasema hakuna mafuta, akasema tumbo linamsumbua. Akageukia Kibemba, kama kawaida yake anapodhani sielewi, na kumwambia dada yake kwamba mwanamke huyu ametuchezea vya kutosha. Ninaelewa Kibemba chote. Mwansa alimwambia awashe gari.

Kabla ya kufika mahali penyewe tulidanganywa mara moja. Kando ya barabara palikuwa na kibao kikubwa kinachosema kuosha kwa mashine, na Webby, ambaye tumbo lake lilikuwa limepona ghafla, akakata kona na kuingia. Mashine yao ilikuwa pampu moja na mpira wa maji. Mwenye pampu alimwaga maji mara mbili, kisha wanaume watatu wakatokea nyuma ya ukuta wakiwa na matambara, wakaja mbio kwenye milango. Webby alikuwa amekaa tu, ametulia. Kama wangegusa, tungesemwa sote tumevunja mwiko, na mimi niliyeomba safari ndiye ningekuwa wa kwanza. Nilishuka nikasimama mbele ya mlango wangu mikono imetanda, nikawatukana kwa lugha tatu. Wakarudi nyuma. Mmoja akaniuliza kama ninaumwa.

Mashine ya kweli ilikuwa mbele zaidi, kwenye kibanda cha mabati kilicho wazi pande mbili. Mwenyewe anaitwa Royd, kijana mwenye ovaroli safi mno kwa mtu anayeosha magari. Aliileta kutoka Kitwe kwa lori, akaniambia, kana kwamba mimi nimemuuliza. Ni mabomba yaliyopinda kama mlango wa kanisa, yanatembea juu ya reli, yanaenda na kurudi yenyewe, yanatema sabuni kwanza halafu maji kwa nguvu. Hakuna brashi, hakuna kitambaa, hakuna mtu. Mwansa aliizunguka mara moja akiwa na mikono nyuma, akaitazama vizuri, kisha akaitikia kwa kichwa kwamba inafaa.

Royd akabonyeza kitufe. Mabomba yakatembea. Tope la Puta lilianguka mapande mapande, na mimi nilikuwa nimeshika khanga yangu mdomoni. Mashine ikasimama. Nikakimbilia mlango wa dereva.

Hakuna kitu. Tope lilikuwa limetoka, lakini chini yake palibaki utando wa kijivu, mzito, unaong'aa kidogo, umefunika mlango wote. Hakuna rangi nyeupe iliyoonekana, wala buluu. Webby alishusha pumzi nikamsikia.

"Tumeosha," akasema, kisha akamgeukia Mwansa, ambaye kwa kuwa ni dada mkubwa sote tunamwita Yaya. "Jina iko wapi? Yaya, jina iko wapi? Twende."

Hasira ilinipanda hadi masikioni, na nikaimwaga kwa Royd kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Nilimwambia mashine yake ni ya kuoshea vumbi la Lusaka, kwamba gari la Kashikishi halioshwi na povu la mtoto. Nilimwambia amewadanganya watu wa wilaya nzima na ovaroli yake. Akajitetea kwamba ameosha magari arobaini na hakuna aliyelalamika. Nikamuuliza mangapi kati ya hayo arobaini yalikuwa ya samaki. Akakubali kwamba yote yalikuwa ya maofisini.

Basi ndiyo hivyo. Utando ule ni mafuta ya samaki yaliyokaangwa na jua, na kila mwanamke anayefanya kazi ya samaki anajua kwamba sabuni ya kawaida na maji baridi hayafanyi chochote pale. Mabeseni yetu tunayaosha kwa maji ya moto ya majivu. Unachukua majivu ya tanuri za kukaushia samaki, unayaloweka, unayachuja, unapata maji yanayoteleza mkononi na kung'oa mafuta hata yakiwa ya mwezi mzima. Nikamwambia Royd ayatie maji hayo kwenye tangi lake la sabuni.

Alikataa kabisa. Alisema chembechembe za majivu zitaziba matundu ya mabomba, kwamba mashine hii ndiyo maisha yake. Nikamwambia gari hili ndilo maisha yangu, na kwamba nitayachuja mara nne mbele ya macho yake, na tundu moja likiziba nitakuja kumwoshea magari kwa ulimi. Webby alikuwa ameshaingia garini na kuwasha injini. Ni Mwansa aliyemaliza ubishi. Alikwenda akasimama mbele ya gari, na ufupi wake ule, mkoba kifuani, na kumwambia ndugu yake azime.

Nyuma ya kibanda kile kuna wanawake wanaokausha samaki. Walinipa majivu bila kuuliza mengi, wakanipa na moto. Nilichemsha ndoo mbili, nikachuja kwa khanga yangu, mara moja, mbili, tatu, nne, Royd akiwa amechuchumaa pembeni anachungulia kila tone. Ilichukua zaidi ya saa moja. Webby alizunguka zunguka, akapiga simu, akasema jua linatuchoma. Mikono yangu ilikuwa imebabuka na sikujali. Nilikuwa najiambia kwamba jina liko pale chini, kwamba hata Mungu anajua liko pale, na nitamwekea Webby herufi moja moja mbele ya uso wake azisome.

Royd akamimina maji yangu kwenye tangi. Akabonyeza. Safari hii mabomba yalitema maji ya kahawia, mvuke ukapanda, na Royd akasimamisha mashine ili gari lilowe kidogo. Nikaona utando unakatika, unateremka kama maziwa yaliyochacha. Kisha maji ya nguvu yakapita, yakarudi, yakapita tena. Sitadanganya: mashine ile ilisafisha. Pikapu ilitoka nyeupe kama siku tuliyoinunua, hata mikunjo ya karibu na taa, hata mahali ambapo mimi na sponji yangu hatukuwahi kupafikia.

Nikafika mlangoni. Mwansa akafika pamoja na mimi.

Jina halikuwepo.

Mahali pake palikuwa na mikwaruzo. Miduara midogo midogo, mamia, imepandana, kuanzia kwenye bawaba hadi karibu na kitasa, upana wa kiganja, imekula rangi nyeupe hadi chuma. Ndani ya mikwaruzo palibaki nyuzi nyembamba za buluu. Mtu yeyote wa Kashikishi anaijua alama hiyo, hata mtoto. Ndivyo mtumbwi unavyosuguliwa unapouzwa, kwa wavu mkuukuu uliokunjwa ukawa bonge pamoja na mchanga wa ziwa, mpaka jina la mwenye zamani litoke. Baada ya hapo ndipo Webby alipopaka tope. Tope lile halikuwa la barabara hata kidogo, na mwiko wake wa asubuhi na jioni ulikuwa wa kulilinda lisitoke.

Mwansa alipeleka kiganja chake karibu na mikwaruzo bila kuigusa, akakipitisha polepole toka mwanzo hadi mwisho, kama anayepima urefu wa jina. Webby alianza kusema habari za vijana wa Puta, kwamba siku ya mazishi vijana wa Puta walikuwa wengi.

"Ufunguo ilikuwa na nani?" Mwansa akamuuliza.

Webby akautazama ufunguo kidoleni mwake.

"Mukono yako njo ilitangulia, Webby. Kaburi ya mukubwa wako ilikuwa haijakauka. Jumamosi utakaa nyuma, utafunga kinywa. Leta ufunguo."

Akauleta. Mwansa hakuutia mkobani mwake. Alinipa mimi, pale pale, na kusema kwamba mtu hasugui mahali pasipo na jina, na atayasema maneno hayo Jumamosi mbele ya wote. Webby akaenda nyuma ya pikapu na kuinua mguu ili apande. Nilimwambia ateremke. Akamtazama dada yake. Dada yake alikuwa anafunga mkanda wa kiti. Tukamwacha hapo, amelowa viatu, na Royd anapuliza matundu ya mabomba yake moja moja.

Nilitakiwa kufurahi. Watu wote niliowasimulia baadaye wanacheka na kupiga makofi wanapofika hapa. Lakini mimi niliendesha nimeuma meno, nikatamani kugeuza nikamgonge. Gari nilikuwa nalo mikononi, na hasira haikupungua hata kidogo. Mwansa aliniona. Tulipokaribia bandari alinionyesha kwa kidevu mafundi wanaoandika majina ya mitumbwi, akaniambia kwa sauti ambayo kwake ni ya upole:

"Usilie, Cadette. Kikao ikiisha bataandika tena. Bataandika muzuri kupita ile."

"Nani ataandika, Yaya?" nikamuuliza. "Mukono yenye iliandika, tuliizika Puta."

Nikapita pale kwa mafundi bila kupunguza mwendo, nikaegesha nyumbani, na mlango umebaki hivyo hivyo hadi leo.