Nilivyoulinda Uwanja wa Nyasi

Mimi ndiye kiongozi wa kikundi cha dansi cha akina mama wa bustani yetu hapa Guangzhou, na nalisema hilo mapema kwa sababu baada ya kusimulia haya sijui kama nitaendelea kuwa hivyo. Kila asubuhi tunapanga mistari kwenye nyasi chini ya miti mikubwa, mimi mbele, spika miguuni pangu, na anayekosea hatua namjua hata bila kugeuka. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, tunapopumzika nyumbani, na Jumamosi. Jumamosi vijana wanakuja na mahema.

Sijui nani aliwadanganya kwamba kulala chini mchana kweupe katikati ya mji ni starehe. Wana nyumba, wana vitanda, wana viyoyozi. Lakini ukifika mwezi wa kumi na moja, jua letu likilegea kidogo tu, utawaona wanatoka kwenye treni wakivuta mikokoteni iliyojaa viti, meza na mataa, na kivuli chote kinakwisha kabla sisi hatujamaliza chai. Tukasukumwa mpaka kwenye saruji nyuma ya vyoo. Huko nilicheza nikiwa nimebana pua, na mashindano ya wilaya yanakaribia. Siku moja Bi Tam, msaidizi wangu anayekitamani cheo changu, akasema mbele ya wote kwamba kiongozi wa kweli angekuwa ameshaurudisha uwanja.

Ukinigusa hapo umenimaliza. Nikajipiga kifua: Jumamosi ijayo nitadamka, nitasimika hema langu katikati ya uwanja, nitakalia kivuli mpaka wenzangu wafike na spika, na muziki ukianza hao watoto watafunga virago wenyewe.

Muuzaji aliniambia hema lile linajisimika lenyewe. Labda kwake. Kwangu ufito mmoja ulinichapa kidevuni, sakafu nikaifanya paa, na lilipokubali kusimama lilikuwa limeegemea upande kama mlevi anayetafuta mlango wake. Nikaingia, nikavuta zipu, nikajinyoosha nipumzishe mgongo. Usingizi ukanipitia. Aibu yenyewe ni kwamba ulikuwa mtamu.

Nilipoamka uwanja ulikuwa umejaa. Nikafungua zipu upana wa kidole, nichungulie adui. Mbele yangu, karibu kabisa, lilikuwa limesimikwa hema la kijani, na mlangoni pake zimewekwa ndala za njano, visigino ndani, vidole nje. Hivyo ndivyo ninavyomlazimisha kila mtu kupanga viatu nyumbani kwangu. Na ndala zile nilizinunua mimi.

Zilikuwa za Pui-yi, mke wa mwanangu Kin-fai. Tunaishi wote katika nyumba moja ya vyumba viwili, wao chumba kimoja, mimi na mjukuu kingine. Kila Jumamosi Pui-yi huniaga anakwenda ofisini, nami humpa chupa ya supu niliyoichemsha tangu usiku, ya mifupa na mizizi, ya kutia nguvu. Wenzangu wa dansi nimewachosha kwa kuwasimulia jinsi mimi na mkwe wangu tulivyo mama na binti, kwamba hatufichani kitu. Sasa huyo binti alikuwa amelala chali ndani ya hema, mikono kichwani.

Nilijua papo hapo. Mwanamume. Mwanamke mwenye mume na mtoto, aage anakwenda kazini kisha ajifiche bustanini, anamsubiri nani? Nikamwonea mwanangu huruma mpaka machozi yakanilenga. Nikaanza kuyapanga maneno nitakayowaambia nikiwafumania, yakatoka mazuri, nikayarudia tena nisije nikayasahau.

Huyo mwanamume alikuwa mzembe. Sikumwona. Pui-yi alitazama majani. Akala vibanzi vya kwenye pakiti, vile ninavyomkataza mjukuu. Akacheka peke yake, sikujua anacheka nini. Akalala, akaamka, akatazama majani tena. Ndani ya hema langu joto lilikuwa la kuchemshia mayai na haja ndogo ilikuwa imenibana, lakini nilijiapiza sitoki mpaka nimwone mtu huyo kwa macho yangu.

Ndipo akaja mlinzi wa bustani. Pui-yi akamtolea tabasamu, akampa chupa yangu ya supu, niliyomwachia mezani alfajiri, naye mlinzi akachuchumaa pale pale akainywa. Moyo ulinipasuka. Mlinzi? Na umri ule, na meno yenyewe ya kuhesabu? Alipomaliza akafuta midomo, akarudisha chupa, akaja moja kwa moja kwenye hema langu.

"Bi mkubwa, hema liwe wazi pande mbili, ndiyo sheria," alisema. "Ukijifungia hivi watu watadhani umetufia humu."

Nikamwuliza kwa kunong'ona, kupitia kale kaupenyo kangu, ile supu amepewa kwa ajili gani.

"Ya mama mkwe wake hiyo. Anampikia kila Jumamosi, na yeye ananipa mimi. Anasema siku nyingine zote anainywa huku anatazamwa mpaka tone la mwisho." Akashusha sauti. "Ila huyo mama anajua kupika."

Kisha akavuta zipu ya mbele, akavuta na ya nyuma, akaenda zake, akaniacha nimekaa wazi kama samaki kwenye sahani. Pui-yi alikuwa ananitazama.

"Mama," alisema, rangi imemtoka. "Unamsubiri nani hapa?"

Ulimi ukanitangulia. "Huyo mwanamume wako."

Ilimchukua muda kuelewa. Midomo ikamcheza. "Hata mimi ningependa kumwona. Akija mwambie nimelala."

Sikucheka. Nikamwambia aliniaga anakwenda kazini. Akakiri kwamba kazi ya Jumamosi ilikwisha tangu mwaka jana, na tangu hapo huja hapa, hulala, kisha hurudi nyumbani jioni. Hakuna zaidi.

"Usimwambie Kin-fai, Mama. Nakuomba."

"Nimwambie nini? Hujafanya kitu."

"Ndicho hicho. Hapa sifanyi kitu. Nyumbani nikikaa tu, unakuja kuniuliza naumwa wapi."

Nilikuwa na majibu ya kutosha. Nani anafua, nani anampeleka mtoto shule, nani anasimama jikoni mpaka miguu inavimba. Nilifungua kinywa nimpe vidonge vyake, na badala yake nikajiona jinsi ninavyoingia chumbani mwao bila kubisha hodi, nikakunja nguo huku yeye yuko kitandani, nikimweleza bei ya samaki. Nilikuwa nauita upendo. Na mimi mwenyewe, kwenye hema hili bovu, nilikuwa nimelala asubuhi ile kama sijalala miaka, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumchungulia kama amelala. Iliniuma, sitaficha. Nikafunga kinywa.

Pui-yi akajilaza tena, akajifunika kofia usoni. Mabega yake hayakuwa ya mtu aliyelala.

Na wakati huo huo likafika jeshi langu. Walikuja wote, fulana nyekundu, feni mikononi, na Bi Tam mbele ameikumbatia spika. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Vijana wa mahema ya pembeni walishaanza kutazamana. Uwanja ulikuwa wangu, ulibaki muziki tu.

Nilitoka kwa magoti, nywele zimesimama, nikaukimbilia mkono wa Bi Tam.

"Usiwashe. Turudi kule nyuma."

Akaniuliza kwa nini, kwa sauti ya kusikika na wote. Uongo ninao mwingi na huja haraka: polisi wamekataza, tumbo linanisokota. Lakini kama ningedanganya, wangerudi Jumamosi ijayo na spika kubwa zaidi.

"Aliyelala pale ni mkwe wangu," nikasema. "Anakuja hapa ili asinione."

Hata wale wanaopiga soga misibani wakashusha feni zao. Nikasimama nikimngoja Bi Tam anicheke, maana mimi ningemcheka. Hakucheka. Aliiweka spika chini, akawa anayatazama mahema moja baada ya jingine. Mkwe wake yeye huenda kazini kila Jumapili.

"Na Jumapili," aliniuliza taratibu, "huwa wanakuja pia?"