Darubini Inayovuta Kulia

Mwaka ule wa 2009, watu wa Chapwa, mtaa wa Tunduma, walikuwa wamechoka kumsikia Clement akisema hakuna wa kumweza kwenye gemu. Ndiyo maana walifurahi waziwazi Nesta alipoanza kumpiga risasi za kichwa, siku baada ya siku, kwenye banda la gemu za TV la Mama Lusubilo. Nesta alikuwa mdogo wa kike wa Atupele, mchumba wa Clement. Alikuwa shemeji, basi, na shemeji hana breki mdomoni.

"Shem, Jumapili mshenga wako akifika kwetu Itaka, namwambia baba huyu mkwe tukimpa shamba alinde, ngedere watahamia," alisema akiweka chini pedi ya kuchezea.

Banda zima likacheka. Clement alicheka pia, lakini moyoni aliumia. Alimjua baba mkwe mtarajiwa: mzaha akiupenda, huurudia hata msibani. Angekuwa mkwe wa ngedere mpaka anazikwa. Hapo ndipo akatoa neno lililomponza.

"Darubini ya ile bunduki ya snaipa imepinda. Inavuta kulia. Kinachonishinda ni bunduki, siyo Nesta."

Tunduma hutoi madai hewani. Hapa redio hainunuliwi mpaka iimbe, na muuzaji awe amesimama palepale. Mama Lusubilo akatuma mtu ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, kumwita Watson aliyeuza CD ya gemu ile.

"Awe, hapana, bwana, CD yangu nzima," Watson alikataa alipofika. "Jaribuni mbele yangu. Ikiwa mbovu, nabadilisha."

Desturi ni kwamba mlalamikaji ndiye anayejaribu; anayesema redio inakoroma ndiye huiwasha watu waisikie ikikoroma. Clement akakaa peke yake mbele ya TV, akachagua pipa jekundu kando ya ghala, akavuta darubini na kuweka msalaba wa shabaha katikati ya pipa. Msalaba kila mtu aliuona. Ambacho hawakukiona ni kidole gumba chake, ambacho kabla tu ya kufyatua kilisukuma kijiti cha pedi kidogo mno kwenda kulia. Bunduki ikilia, picha nzima huruka, nani angejua? Risasi ikatoboa ukuta, kulia mwa pipa. Akarudia, ikaingia kwenye tundu lilelile.

"Weka msalaba kushoto, tuone," akasema Watson, ambaye hakuzaliwa jana.

Akauweka kushoto. Gumba likafanya kazi yake, na pipa likalipuka. Masikini Clement, hakuna aliyewahi kulenga vizuri namna ile ndani ya banda, na hakuwa na wa kumwambia.

"Mwandi, imepinda kweli," Watson alikiri, akatoa CD nyingine begini.

Clement akapumua. Jina lake lilikuwa limepona. Mama Lusubilo akamshika Watson mkono.

"Ngoja kwanza. Si wote tunapigia bunduki hiihii?"

"Hiihii," watu wakaitikia.

"Na Nesta naye?"

Vichwa vyote vikamgeukia Nesta. Kisha mtu akapiga ukelele: "Yaani huyu dada ametumaliza wote kwa bunduki iliyopinda!"

Banda likalipuka kwa shangwe. Nesta akabebwa juujuu. Watson akaapa kwamba Nakonde nzima hakuna jicho kama lile, na CD mpya ikakataliwa. Kila mtu sasa alitaka kujifunzia ile mbovu.

Nesta aliposhushwa, akachukua pedi. "Mechi moja, shem. Wewe ndiye fundi wa upindaji wake. Leo huna kisingizio."

Askari wa Nesta kwenye gemu akasimama dirishani, hata hakukimbia. Nesta hakuitazama TV. Alilitazama gumba la Clement.

Kulenga katikati na kupata kulikuwa kujiumbua mbele ya banda zima. Kusukuma kijiti, Nesta angeona. Clement akaweka msalaba kushoto kama alivyowafundisha, gumba likatulia, risasi ikaenda moja kwa moja ukutani, kushoto.

"Umezidisha, mwalimu!" watu wakamhurumia.

Nesta akaigeukia TV, akaweka msalaba katikati kabisa ya paji la uso la askari wa Clement, akafyatua, risasi ikaingia palepale. Watu wakashika vichwa kwa mshangao: kwa jicho la Nesta, hata bunduki iliyopinda inanyooka! Katika kelele zile akamwinamia shemeji yake sikioni.

"Usijali. Baba nitamwambia bunduki imepinda."

Clement akamshukuru, na alimaanisha.